Farasi Asiyeonekana Akila

Vijana wangu wa ofisi ya mifugo, mliniaga kwa soda na keki, mkaninunulia kiti cha kupumzikia chenye mito miwili, na mkaniambia, "Mama Kabange, sasa kaa, uandike." Kiti ni kizuri. Nimekikalia mara tatu kwa jumla. Tangu nistaafu naamka mapema vilevile, navaa buti zangu za mpira, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka kwamba hakuna mnyama anayenisubiri. Mkwe wangu ameuficha mkoba wangu wa kazi juu ya kabati ili nisiende kuwapima homa mbuzi wa majirani. Namwacha aamini kwamba sijui ulipo.

Basi naandika, lakini nimesimama, daftari likiwa juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni. Nimeshatoka nje mara mbili tangu nianze ukurasa huu. Msitegemee habari za vyeo. Nilipanda walipokumbuka kunipandisha, na kuhusu mshahara kila mmoja wenu ana machozi yake mwenyewe. Nitawaandikia siku ya kwanza, mzee aliyenifundisha, vyombo tulivyotumia, na karatasi moja niliyoiandika vibaya. Hiyo karatasi ndiyo inayoninyima raha ya kiti chenu, kwa hiyo ni haki muijue.

Siku ya kwanza nilifika na diploma ndani ya bahasha, blauzi nyeupe, na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Ofisi yetu hapa Kamina ilikuwa chumba kimoja nyuma ya machinjio, upande wa reli, na treni ilipopita chupa za dawa zilitetemeka rafuni. Ndani nilimkuta Papa Banza, muuguzi wa wanyama wa siku nyingi, mfupi, mwenye koti la kaki ambalo mkewe alilitia viraka kwa uzi wa rangi yoyote aliyoipata. Bahasha yangu hakuitazama. Alinyoosha kidevu kuelekea uani, ambako mbuzi mmoja alikuwa amefungwa kamba.

"Weye mutoto ya masomo, ikala pale. Angalia ule mbuzi."

"Iko mugonjwa, papa?"

"Sijue. Njo maana unaangalia."

Nilimwangalia mbuzi yule asubuhi nzima. Jua lilinichoma, nzi wakanizoea. Saa sita Papa Banza alikuja kuniuliza nimeona nini, nikamjibu kwa hasira kwamba nimeona mbuzi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha alimrushia mbuzi majani, akanionyesha: alikuwa anatafuna upande mmoja tu, na mengine yalimdondoka mdomoni yakiwa mazima kama yalivyoingia. Jino lilikuwa bovu. "Munyama haiseme fasi inamuuma," aliniambia. "Lakini saa iko nakula, utaona yote. Mbele ya kupiga sindano, uone kwanza namna anakula."

Vyombo vyake vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na kisa. Kipimajoto alikifunga uzi, na mwisho wa uzi akatia kibanio cha nguo, cha kubana kwenye manyoya ya mkia. Kabla ya kujifunza hivyo, fahali mmoja alikimeza kipimajoto cha serikali kwa upande ambao si wa kumeza. Dawa za kunywa tuliwapa wanyama kwa chupa ya bia, na kila tulipoingia kijijini nayo mtu aliuliza bia yenyewe imekwenda wapi. Stetoskopu ilikuwa moja, na mpira wake aliubandika gundi ya matairi ya baiskeli. Kwa stetoskopu hiyo nilijifunza kusikia moyo wa ng'ombe, na nilikuwa nikisahau kula nikiusikiliza.

Papa Banza alipoondoka kazini, mimi ndiye niliyebaki na mhuri. Mwaka huo ilitupata tauni ya nguruwe. Nilipita mtaa kwa mtaa nikiandika karatasi za kuua, na watu walinitukana mbele ya watoto wangu. Mama mmoja alinifungulia mbwa. Lakini karatasi zangu zilikuwa sahihi. Waliozifuata walibaki na nguruwe wa kuanzia upya, waliowaficha nguruwe wao walizika zizi zima. Baada ya hapo watu waliacha kubishana nami. Nikisema mnyama afungwe, anafungwa. Nikisema auawe, anauawa kabla sijafika nyumbani. Nawaambia ukweli, jambo hilo lilinipanda kichwani. Kuogopwa kuna utamu wake, na mimi niliuonja miaka mingi bila kujua kwamba naunenepea.

Sasa nakuja kwa farasi. Mnajua kwamba hapa kwetu farasi ni kitu cha kusimulia. Palikuwa na shamba kubwa la ng'ombe ambalo wachungaji wake walitumia farasi, kisha wenyewe wakaona pikipiki haiugui tumbo, wakawauza farasi wazee mmoja mmoja. Mmoja alichukuliwa na chifu wa kimila wa upande wa barabara ya Malemba-Nkulu. Barabara ile mnaijua: kuna siku inapitika, na kuna siku unasikia habari zake redioni tu. Chifu huyo, ambaye watu wake humwita mulopwe na kumwitikia "Vidye", alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuvikwa uchifu, na alipenda kufika kwenye sherehe akiwa juu ya mnyama. Farasi alimpa jina la Kalala, kama mkuu wa vita wa zamani. Alikuwa wa rangi ya kahawia, doa jeupe kati ya macho, magoti yamevimba kidogo, na sura ya mtumishi mkongwe ambaye hatarajii tena jipya.

Niliitwa kwa simu kwamba Kalala anakohoa. Nikapanda pikipiki, nikapita vizuizi vyote vya askari kwa maneno matamu, nikafika mchana. Aliyenipokea alikuwa Ngoy, mtu mzima wa makamo, mwembamba, ambaye zamani alikuwa akimpelekea mulopwe chakula chake na sasa amepewa kumlisha farasi. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kutayarisha chakula cha farasi, na alikuwa na kikohozi kikavu, akikigeuzia begani kwa adabu.

"Mama, homa haina," aliniambia. "Nguvu iko nayo. Lakini kila saa iko nakula, njo inakohola. Ikimaliza kula, inanyamaza."

"Basi umupatie chakula, nione namna iko nakula."

Alitazama chini. "Ah, mama, ile haiwezekane. Ni kijila. Mulopwe habamuonake wakati iko nakula. Na ile yenye kumubeba, ni vilevile."

Mimi ni Muluba, sikuhitaji kuelezwa kijila ni nini. Tangu utotoni nilijua kwamba mulopwe anapoletewa chakula watu wote wanatoka, mlango unafungwa, na hakuna jicho linalomwona akitia kitu mdomoni. Sikuwahi kusikia kwamba mwiko huo unamfika na farasi, lakini Ngoy, kwa heshima ya miaka yote ya kubeba sahani, aliona kwamba ndivyo inavyofaa, na wazee wakampongeza. Walimjengea Kalala kibanda cha matofali ya udongo bila dirisha, mlango wa bati. Saa ya kula Ngoy aliingia naye, akafunga, na waliokuwa uani wakageuka. Kama ningekuwa mgeni kutoka mbali ningebishana. Kwa kuwa ni mtu wa kwetu, niliona aibu hata ya kuuliza mara ya pili.

Nilisimama nje nikawasikia wawili hao wakikohoa nyuma ya bati, farasi kwa sauti nene, Ngoy kwa sauti nyembamba. Walipotoka nilimpima Kalala: homa hakuna, ufizi mzuri, tezi za chini ya taya hazijavimba. Kwenye mapafu nilisikia mkwaruzo, na puani uzi mweupe wa kamasi. Kila kitu kilikuwa kinaniambia nisubiri. Lakini simu yangu ilikuwa inalia, kizuizi cha pili kinafungwa mapema, na nilikuwa na mhuri mfukoni. Nikaandika: ugonjwa wa mapafu, huenda wa kuambukiza, mnyama atengwe ndani, asipopata nafuu kwa siku kumi na nne auawe na kuchomwa. Nikamwachia Ngoy dawa na sindano, nikagonga mhuri.

Angalieni lile neno "huenda". Ni dogo sana kwenye karatasi, na mhuri ni mkubwa. Watu husoma mhuri.

Njiani kurudi roho haikutulia. Nilisimamisha pikipiki mara mbili bila sababu, nikazunguka, nikapanda tena. Nyumbani nilipika maharage yakaungua. Nilijiambia ni uchovu. Siku zilizofuata nilikuwa nazunguka ofisini kama kuku anayetafuta pa kutagia, nafungua droo, naifunga, na bado sikurudi kule. Kwa nini sikurudi? Kwa sababu kurudi kungekuwa kusema kwamba karatasi ya Mama Kabange inaweza kukosea. Ndiyo hivyo, hakuna sababu nyingine.

Siku ya kumi mwanamke alikuja ofisini akiwa ameshuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope. Alikataa kiti.

"Mama, minyi njo bibi ya Ngoy, ule wa farasi. Jina yangu Numbi."

"Karibu, mama. Farasi iko namna gani?"

"Farasi iko inazidi. Banaifungia ndani muchana yote, sawa karatasi ilisema, chakula banaitupia na kukimbia. Lakini sikukuya huku juu ya farasi." Alifuta vumbi kwenye kope. "Bwana yangu banamufukuza mu kijiji. Banasema weye ulisema ni ugonjwa ya kuambukiza, na yeye iko nakohola kama farasi, basi njo yeye aliileta, ao njo yeye itatumaliza. Iko nalala mu kibanda ya shamba, peke yake. Sahani yake ya bukari ninamuwekea chini mu njia, ninarudi nyuma, njo anakuya kuikamata. Batoto yake habamugusake tena. Juu ya ile karatasi yako, mama."

Uso ulinishuka. Akaendelea, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Lakini minyi niko namuangalia kila siku. Kule mu shamba hakohoe. Siku kumi, hata mara moja. Alikuwa anakoholaka tu saa ile farasi iko nakula. Sasa mama, weye njo ulisoma: ni ugonjwa gani yenye kuangalia saa?"

Vijana wangu, nilisomea kazi hii, nikaifanya maisha yangu yote, na swali nililopaswa kuliuliza mwenyewe nililetewa na mwanamke kwenye lori. Nilimwuliza farasi anakula nini. Pumba, alisema, pumba za mahindi za mashine ya kusagia, zile laini kabisa, kwa sababu mulopwe hapewi chakula cha kukwaruza. Na zinatiwa maji? Hapana, zinatiwa kavu. Na zinawekwa wapi? Juu. Nusu ya pipa imepigiliwa ukutani usawa wa kichwa cha farasi, kwa sababu kitu cha mulopwe hakilishwi chini. Nikaona picha yote: farasi amefungiwa gizani, pua imezama kwenye unga mkavu ulioinuliwa juu, kila akivuta pumzi anavuta vumbi, na mtu amesimama kando yake akilivuta pia. Mimi ndiye niliyeandika afungiwe humo mchana kutwa.

"Na Kalala, watamuua lini?"

"Mwindaji wa bunduki atakuya kesho. Bazee banaona ni muzuri kufanya mbio, mbele ugonjwa isiingie mu bantu."

Nilifunga ofisi saa hiyohiyo. Numbi alipanda nyuma yangu kwenye pikipiki, na njia nzima nilikuwa roho juu. Kwenye kizuizi cha pili walitaka kuniuliza maswali; nikamwambia askari kwamba nikichelewa kuna mtu atapotea kwa ajili yangu, naye sijui aliona nini usoni mwangu, akainua kamba.

Mulopwe alinipokea uani akiwa na wazee wake watano wamekaa kwenye viti vya kukunja. Nilipiga makofi ya heshima, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, kisha nikasema maneno ambayo sikuwahi kuyasema mbele ya watu tangu nipewe mhuri.

"Vidye, nilikosea. Ile farasi haina ugonjwa ya kuambukiza. Ngoy pia hana. Niliandika bila kuona."

Wazee walitazamana. Mulopwe aliikunjua karatasi yangu, akaivuta mbali na macho kama mwalimu anayesahihisha.

"Bon, mama. Ile ya kwanza inasema tuiue. Leo unasema tusiiue. Minyi nitaamini Mama Veterineri gani, wa juma iliyopita ao wa leo?"

Swali lilikuwa la haki. Nilimwambia asiniamini mimi, ila aniruhusu niingie kwenye kibanda, bila farasi, nifungiwe mlango. Hakuna atakayeonekana akila. Akakubali, na Numbi akamtoa Kalala akamfunga kivulini nyuma ya kibanda.

Ndani palikuwa na giza, na mwanga uliingia kwa tundu moja la msumari kwenye bati. Nilichota pumba kwa mikono miwili, nikazimwaga ndani ya lile pipa, nikainamisha uso kama farasi anavyofanya. Kwenye ule uzi wa mwanga vumbi lilipanda kwa wingi hadi nisione ukuta. Nikavuta pumzi moja tu. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, nikapapasa mlango nikatoka nimejaa unga kichwani. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akasema kwamba hiyo si ajabu, mama wa mjini hawajui vumbi.

Mulopwe alinyanyuka, akavua saa yake, akaingia mwenyewe na kufunga bati. Sasa hapo palikuwa na shida: mulopwe yuko ndani ya nyumba iliyofungwa na kuna chakula humo. Wazee wote watano waligeuka wakaupa mlango mgongo, nami nikageuka. Tulisikia pumba zikimwagika. Kisha tukamsikia Vidye akikohoa mara nne, na ya tano ilimaliza pumzi. Alipotoka ndevu zake zilikuwa nyeupe. Hakuna aliyecheka, na naapa ilikuwa kazi ngumu.

"Donc," alisema akijifuta, "tunafanya namna gani?"

Nilimweleza. Farasi anakula ameinamisha shingo, ili kinachoingia puani kitoke chenyewe. Pumba ziloweshwe hadi ukizikamata zishikane. Chakula kiwekwe chini, nje, penye hewa. Mzee wa kofia alisimama: kitu cha mulopwe chini, na nje, mbele ya watu? Dawa yangu ilikuwa inavunja mwiko mara mbili, na mwindaji alikuwa ameshaitwa kwa kesho. Mulopwe alifikiri, akapiga karatasi yangu kwenye goti.

"Kijila inasema habatamuona," alisema. "Haikusema akae mu giza. Bantu batageuka. Na juu ya chini, batandike mukeka."

Wakatandika mkeka mpya, juu yake beseni la pumba zilizoloweshwa kwa maji na chumvi kidogo. Numbi ndiye aliyemleta Kalala tena, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kumgusa. Farasi alisimama akipepesa macho juani. Kisha sote, mulopwe, wazee, wanawake waliokuwa wanatwanga, tukageuka. Sijawahi kumtibu mnyama kwa mgongo, na sidhani nyinyi mtawahi. Nilikunja vidole ndani ya buti. Alikohoa mara moja. Nikafumba macho. Halafu nikasikia meno yakisaga, taratibu, pua ikipuliza juu ya maji, meno tena. Hakukohoa zaidi. Mulopwe, bila kugeuka, aliniambia niandike karatasi nyingine, na akamtuma mtu akamzuie mwindaji asije.

Msije mkaandika kwamba alipona siku hiyo. Ilichukua majuma matano mapafu yasafike, na hata baadaye, mtu akiona uvivu kuloweka pumba, Kalala alimsemea kwa kikohozi.

Ngoy aliletwa kutoka shambani kabla ya mchana kwisha. Alisimama mbali, penye ukingo wa ua, mikono nyuma, amekonda. Mulopwe alisoma karatasi yangu ya pili kwa sauti ya darasani: si ugonjwa wa kuambukiza, ni vumbi, mtu huyu ni mzima, kosa ni la aliyeandika ya kwanza. Niliitaka sentensi hiyo ya mwisho iwemo. Watu waliitikia kwa vichwa. Lakini Ngoy alipopiga hatua mbili mbele, wao walirudi hatua mbili, na mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake kwa mkono. Mhuri wangu uliowatenga naye haukuweza kuwarudisha.

Nilidhani kazi yangu imekwisha, nikatafuta funguo za pikipiki. Ndipo Numbi alipotoka jikoni na sahani ya bukari na samaki. Alitembea hadi katikati ya njia ya mumewe, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa. Kisha akasimama ghafla, akajitazama mikono. Alikuwa amefanya kwa mazoea ya siku kumi, na uso wake ulivunjika mbele yetu sote. Ngoy alikuwa ameshachuchumaa peke yake kwenye sahani. Niliumia kuliko siku yoyote ya kazi yangu, nawaambieni wazi.

Nikaomba beseni la maji ya kunawa. Nikalibeba beseni, nikaenda nikakaa chini, vumbini, upande wa pili wa ile sahani.

"Hapana, mama," Ngoy alisema kwa sauti ndogo. "Bantu banaona."

"Njo vile ninataka. Baone."

Tulinawa katika beseni moja. Nilimega bukari, nikachovya mle alimochovya yeye, nikala polepole, nikamega tena. Ua mzima ulitutazama, na hakuna aliyetugeuzia mgongo. Sikuwa na njaa hata kidogo, nilikula. Tulikuwa tumefika nusu ya sahani niliposikia nyayo, na Numbi akaja akaketi bega kwa bega na mumewe, akanawa, akapeleka mkono wake kwenye bukari.